Maneno ya Kuazima: Miaka Yangu na Redio ya Wahafidhina

Nilianza kuendesha lori la masafa marefu mwaka 2003, nikiishi Iowa, na njia yangu ya kila wiki ilikuwa barabara kuu namba 80, ile inayoikata Marekani kutoka New Jersey hadi California. Lori nililopewa lilikuwa kuukuu na redio yake ilishika masafa ya AM tu, hivyo sikuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Katikati ya Nebraska, ambako unaweza kuendesha saa nzima bila kukutana na kona, kilichosikika vizuri ni bei za nafaka, mahubiri, na kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, sauti ya Rush Limbaugh, mtangazaji wa vipindi vya siasa.

Mwanzoni nilimsikiliza ili masikio yangu yazoee Kiingereza cha Wamarekani. Baada ya miezi michache nilitambua kwamba namsikiliza kwa sababu nyingine kabisa. Mtu huyu alikuwa akisema mbele ya mamilioni mambo niliyokuwa nikiyawaza kimyakimya tangu nilipofika ugenini: kwamba mtoto anahitaji baba na mama, kwamba kazi humpa mtu heshima ambayo msaada hauwezi kumpa, kwamba serikali isijiweke mahali pa wazazi, na kwamba filamu na nyimbo zinazoingia sebuleni humlea mtoto hata pale mzazi anapodhani kuwa analea peke yake. Mimi ni Mwislamu niliyelelewa na bibi yangu katika pwani ya Afrika Mashariki, na mambo hayo nilinyonya pamoja na maziwa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba katika nchi hii yana watetezi, yana historia ya mabishano, na yana jina, yaani uhafidhina.

Dereva mmoja mzee, Mmarekani mzaliwa wa Iowa, ndiye aliyenieleza asili ya sauti ile. Tulikuwa tukikutana Walcott, kwenye kituo kikubwa cha malori, na yeye alikuwa mtu wa kusoma. Aliniambia kwamba tangu mwaka 1949 Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho iliwataka wenye vituo vya redio na televisheni waguse masuala yenye ubishi na watoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Kanuni hiyo ilisikika kuwa ya haki, lakini katika utekelezaji, alisema, wenye vituo vingi waliona ni salama zaidi kunyamaza kuliko kuchokoza ubishi na kisha kutakiwa kugawa muda. Mwaka 1987 Bunge lilipitisha muswada wa kuigeuza kanuni ile kuwa sheria kamili, Rais Ronald Reagan akaukataa, na wiki chache baadaye Tume yenyewe ikaifuta. Mwezi Agosti mwaka uliofuata Limbaugh akaanza kurusha kipindi chake nchi nzima kutoka New York. Mzee yule alikuwa na furaha ya pekee kila alipofika kwenye jina la Reagan, kwa sababu miaka ya 1930, kabla ya sinema na kabla ya siasa, Reagan alikuwa mtangazaji wa michezo wa kituo cha WHO cha Des Moines, kituo chenye nguvu ya wati 50,000 ambacho usiku mimi mwenyewe nilikuwa nikikinasa nikiwa mbali sana na Iowa. Niliihifadhi hadithi hiyo moyoni kama mtu anavyohifadhi nasaba: sauti ninayoisikia ipo kwa sababu serikali iliondoa mkono wake kwenye kipaza sauti. Nitairudia baadaye, kwa kuwa mwaka 2025 ilinirudia kwa namna ambayo sikuitarajia.

Nilipata uraia mwaka 2008, na kura yangu ya kwanza niliyoipiga kwa kuitafakari usiku kucha ilikuwa ya Novemba 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, tarehe 3 Aprili 2009, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu ya Iowa walikubaliana kwamba sheria ya jimbo iliyozuia ndoa za jinsia moja inakiuka katiba ya jimbo. Katika Iowa majaji hupigiwa kura kila baada ya miaka kadhaa ili wananchi waseme kama wabaki au waondoke, na watatu kati ya wale saba walikuwa kwenye karatasi ya kura mwaka ule. Wote watatu waliondolewa, na kura yangu ilikuwamo. Sijutii msimamo wenyewe. Naamini hadi leo kwamba jambo kubwa kama maana ya ndoa lilipaswa kuamuliwa na watu na wabunge wao, na imani yangu kuhusu ndoa haijabadilika. Ninachokijutia ni hotuba niliyoitoa kwenye meza ya chakula usiku wa matokeo, mbele ya mke wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka minane. Nilisema mambo kuhusu wale majaji kama watu, kuhusu nia zao na uzalendo wao, ambayo sikuwa na njia yoyote ya kuyajua. Niliyatoa kama nilivyoyasikia, kwa mpangilio uleule, hata pumzi nilizivuta palepale mtangazaji alipozivuta. Mke wangu alinitazama kwa muda, kisha akaondoa vyombo mezani. Watu wa kwetu husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi usiku ule nilidhani nimevaa joho.

Tarehe 7 Desemba 2015, Donald Trump, wakati huo akiwa mgombea, alitoa tamko la kutaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Nilisubiri kusikia wachambuzi niliowaamini wakimkemea. Wachache walifanya hivyo. Wengi niliowasikia barabarani wiki ile walimtetea au waligeuza mazungumzo. Niliumia, na maumivu yale yalikuwa ya mtu aliyekaa sebuleni kwa jirani miaka kumi na miwili akidhani ni wa nyumbani, kisha akasikia wenye nyumba wakijadiliana kama aendelee kuruhusiwa kupita mlangoni.

Niliamua kupiga simu. Kilikuwa kipindi cha jimboni, cha mtangazaji ambaye sitamtaja. Nilikuwa nimeegesha lori, nimeandika hoja zangu kwenye karatasi, na hoja kuu ilikuwa hii: hapa Iowa, katika mji wa Cedar Rapids, upo msikiti uliojengwa mwaka 1934, na kati ya misikiti iliyojengwa Marekani kwa ajili hiyo na ambayo bado imesimama, huo ndio mkongwe kuliko yote. Nilitaka kusema kwamba Waislamu wa Iowa waliswali na kulima na kuendesha maduka hapa kabla ya wengi wa wasikilizaji hao kuzaliwa, na kwamba mhafidhina anayependa mila za mahali pake hana sababu ya kuwaogopa. Kijana anayepokea simu alinisikiliza, akaniuliza kama nimekasirika. Nikamjibu kwamba nimehuzunika. Akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba nikiingia hewani nijaribu kuongeza moto kidogo, kwa sababu kwa sauti ile niliyo nayo watu watabadili kituo. Nilisubiri zaidi ya nusu saa. Nilipoingia, nilizungumza sentensi mbili, mtangazaji akaniuliza swali kuhusu magaidi, na kabla sijalijibu, matangazo ya biashara yakaingia.

Sikumchukia yule kijana, na kwa kweli ndiye aliyenifungua macho. Kwa muda mrefu nilikuwa nimechukulia kwamba ukali wa vipindi vile unatokana na ukubwa wa hatari inayozungumziwa. Siku ile nilielewa kwamba kuna saa ya ukutani inayohusika pia. Kipindi kinachoishi kwa matangazo lazima kimfanye msikilizaji avuke dakika za matangazo bila kugusa kitufe, na hakuna kitu kinachomvusha mtu kwa uhakika kama hasira ambayo haijamalizika. Waliberali wana vipindi vyao vinavyofanya kazi kwa namna hiyohiyo, na mitandao ya simu imeuzidisha mtindo huo kwa pande zote, lakini mimi nazungumzia nyumba ninayoifahamu. Kuanzia hapo nilianza zoezi dogo: kila kipindi kilipokwisha nilizima redio na kujiuliza ni jambo gani jipya nimelijua. Siku nyingine jibu lilikuwa la kuridhisha, hasa pale mchambuzi alipoeleza jinsi muswada fulani unavyofanya kazi au jinsi kodi fulani inavyomfikia mkulima. Siku nyingine nilikuta nina mapigo ya moyo tu.

Ingekuwa vizuri kama zoezi hilo lingenibadilisha mara moja, lakini halikufanya hivyo. Mwaka 2016, Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alipoanza kupiga goti wakati wa wimbo wa taifa ili kupinga jinsi polisi wanavyowatendea watu weusi, binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne na alitaka tuzungumze kuhusu polisi na vijana weusi. Mimi ni baba mweusi wa watoto weusi Marekani. Lilikuwa jambo la kwetu kabla ya kuwa jambo la mchezaji yeyote. Nilimjibu kwa habari ya bendera na wanajeshi, majibu niliyoyasikia mchana kutwa, nami niliamini na bado naamini kwamba wimbo wa taifa unastahili kusimamiwa. Yeye hakuwa ameuliza kuhusu wimbo. Nililijua hilo miaka minne baadaye, alipokuwa amekwenda chuo kikuu na akarudi nyumbani kwa mapumziko ya Novemba 2020. Tulibishana kuhusu uchaguzi. Nilimwambia kwamba chuoni wamemwosha ubongo. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, kwa heshima aliyofundishwa na mama yake: "Baba, samahani, naomba nikuulize. Hiyo ni sauti yako, au ni ya redio?"

Nilimfokea. Alipunguza siku mbili za mapumziko yake akarudi chuoni, na kwa miezi mingi simu zetu zikawa za salamu tu, hujambo sijambo, mama yupo, nimpe.

Wakati huohuo nilikuwa nikimpoteza mtu mwingine ambaye sikuwahi kuonana naye. Tarehe 3 Februari 2020, siku ileile ambayo Iowa ilifanya mikutano ya vyama ya kuchagua wagombea urais na upande wa chama cha Democratic ukashindwa kutangaza matokeo usiku huo, Limbaugh aliwatangazia wasikilizaji kwamba ana saratani ya mapafu iliyokwisha kuendelea. Kesho yake usiku, katika hotuba ya Rais mbele ya Bunge, alivikwa Nishani ya Rais ya Uhuru. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Nilikuwa Wyoming, theluji imefunga barabara, na madereva tumeegeshwa kwa mstari mrefu. Wengine walilia. Nami nililia, na sitajitetea kwa hilo, kwa kuwa mtu aliyekufundisha lugha na akakusindikiza upweke wa barabara ana haki ya chozi. Lakini katika saa zile za kusubiri theluji nilikumbuka pia maneno aliyowahi kusema kuhusu watu weusi na kuhusu wanawake, maneno ambayo nisingekubali yasemwe mbele ya mke wangu, na ambayo kwa miaka mingi niliyaacha yapite kama mtu anayeacha moshi wa jikoni upite kwa sababu chakula ni kitamu. Swali la binti yangu likakaa kwenye kiti cha abiria hadi barabara ilipofunguliwa.

Ndipo nilipoanza kutafuta kumbukumbu za zamani. William F. Buckley, aliyeanzisha jarida la kihafidhina la National Review mwaka 1955, aliendesha kipindi cha mjadala kwenye televisheni tangu mwaka 1966 hadi 1999, na vingi vya vipindi hivyo sasa vinapatikana kwenye intaneti. Nilikuwa nikivisikiliza usiku, lori likiwa limezimwa. Kitu kilichonishangaza ni urefu wa hoja. Mhafidhina aliketi na mpinzani wake, mara nyingi mtu hodari kweli, na mpinzani akaachwa amalize sentensi. Nilisikiliza pia mdahalo wake na mwandishi mweusi James Baldwin kuhusu hali ya watu weusi Marekani, uliofanyika Cambridge, Uingereza, mwezi Februari 1965, ambao Buckley alishindwa vibaya, kura 544 kwa 164. Kama mtu mweusi nilifurahi ashindwe, maana upande alioutetea usiku ule haukuwa wa haki, na mwaka 2004 yeye mwenyewe alikiri kwamba alikosea alipodhani ubaguzi wa Kusini ungekwisha wenyewe bila serikali ya shirikisho kuingilia. Hata hivyo nilijifunza kitu kutokana na kushindwa kule. Alikwenda mahali ambapo aliweza kushindwa, akasikilizwa na akasikiliza, na miaka arobaini baadaye alikuwa na mahali pa kuanzia kukiri. Mtu anayezungumza na waliokwisha kukubaliana naye peke yao hapati nafasi hiyo.

Jambo lililonifundisha zaidi ya yote lilitokea nyumbani, katika majira ya machipuko ya mwaka 2023. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wa mtaani walikuwa wakitumiana kwenye simu picha ya ukurasa mmoja wa kitabu kilichokuwa kwenye maktaba ya shule yake, ukurasa ulioeleza tendo la ndoa kwa maneno yasiyofichwa. Wakati huo Iowa nzima ilikuwa ikizungumzia vitabu vya shule, redio ilikuwa haina habari nyingine, na niliposikia kwamba bodi ya elimu ya wilaya itakutana Jumatatu, nilibadilishana zamu ili niwepo. Kila mzungumzaji hupewa dakika tatu. Nilizitumia zote. Nilisema kitabu kile kinawafundisha watoto uchafu, kwamba aliyekiweka pale ana ajenda, na kwamba mimi sikuvuka bahari ili mwanangu alelewe na watu nisiowajua. Nilipigiwa makofi kuliko nilivyowahi kupigiwa maishani, na nakiri yalikuwa matamu.

Mkutano ulipokwisha, mkutubi wa shule, mama wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alinifuata kwenye maegesho. Hakunikaripia. Alinipa kitabu chenyewe mkononi na kuniambia, kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kidogo, kwamba ananiomba nikisome chote, na kwamba nikishamaliza, lolote nitakaloamua, yuko tayari kunisikiliza. Niliona haya kukikataa mbele ya watu, nikakichukua.

Nilikisoma kwa usiku mbili mjini North Platte. Ukurasa ulikuwapo, na ulikuwa vilevile kama kwenye picha. Hakuna aliyeuzua, na bado nasema hauwafai watoto wa miaka kumi na miwili kuuokota wenyewe rafuni bila mtu mzima. Lakini kurasa zilizoutangulia na zilizoufuata hazikuwa kwenye picha ile. Ni simulizi ya msichana anayedhulumiwa na mtu mzima wa familia yake, na sehemu kubwa ya kitabu inaeleza jinsi anavyoshindwa kusema, anavyojaribu na kunyamaza tena, hadi siku anapomweleza shangazi yake na shangazi anamwamini. Nilikaa na kitabu mapajani. Mahali nilipokulia nilimfahamu msichana ambaye hakupata shangazi wa kumwambia, na sote watoto tulijua, na wakubwa nadhani walijua. Nilikuwa nimesimama mbele ya mji mzima na kuita uchafu kitabu ambacho huenda kingempa yule msichana maneno. Na yule mama niliyemtuhumu kuwa na ajenda alikuwa na ajenda kweli, ambayo ilikuwa kwamba mtoto wa namna hiyo asibaki peke yake.

Mwezi uliofuata nilirudi kwenye bodi na kuomba tena dakika tatu. Nilisema kwamba mara ya kwanza nilizungumzia kitabu ambacho sikuwa nimekisoma, na kwamba nilimkosea mkutubi na namwomba radhi hadharani. Kisha nikatoa pendekezo: kitabu kiwekwe kwenye rafu ya wanafunzi wa sekondari ya juu, na kwa walio chini ya hapo mzazi atie sahihi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Wenzangu wa mwezi uliopita waliona nimelainika, na upande wa pili waliona bado ninataka kufungia vitabu. Mzazi mmoja niliyekuwa nikiswali naye Ijumaa aliniuliza nani amenilipa. Nilirudi nyumbani nikiwa mpweke, lakini kwa mara ya kwanza katika siasa za nchi hii kila neno nililolitamka lilikuwa limetoka kwenye kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Pendekezo langu halikufika mbali. Tarehe 26 Mei 2023 Gavana Kim Reynolds alitia sahihi sheria iliyopiga marufuku katika maktaba za shule za umma vitabu vyenye maelezo ya tendo la ndoa, na mabishano yakahamia mahakamani. Ninaielewa sheria hiyo na ninawaelewa walioitaka, maana hofu yao ndiyo yangu, na mengine yaliyomo kuhusu haki ya mzazi kujua yanayofanyika shuleni niliyaunga mkono. Hata hivyo, mimi nilifundishwa na wahafidhina wenyewe kwamba uamuzi ukae karibu na nyumba iwezekanavyo, na rafu moja katika mji mmoja ni kitu ambacho mkutubi na wazazi wanaweza kukizungumza wakitazamana. Sheria ya jimbo zima haina macho ya kusoma ukurasa unaotangulia.

Ndiyo sababu nilifurahi zaidi tarehe 27 Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi iliyotoka wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi walikuwa wakidai haki ya kuwatoa watoto wao darasani wakati wa vitabu vya hadithi vinavyokwenda kinyume na mafundisho ya dini zao kuhusu ndoa na jinsia, na kwa kura sita dhidi ya tatu, uamuzi ukiandikwa na Jaji Samuel Alito, mahakama iliwakubalia. Uamuzi huo haukuondoa kitabu rafuni wala haukumzuia mzazi mwingine kumsomea mwanawe apendavyo. Ulisema tu kwamba mtoto wangu ni wangu kwanza. Majina ya Kiislamu yalikuwa juu kabisa ya kesi iliyoshangiliwa na wahafidhina Wakristo wa nchi nzima, na nilipokumbuka Desemba ya 2015 nilihisi kwamba ile sebule ya jirani ilikuwa imefunguliwa tena, angalau kwa jioni moja.

Mambo mengine ya vita hivi vya utamaduni hayakunigusa sana. Bia ya Bud Light iliposusiwa mwaka 2023 kwa sababu ya tangazo moja la mtandaoni, mimi nisiyekunywa sikuwa na cha kususia, na nilichokikumbuka ni madereva wanaosambaza bia, ambao hawakushauriwa na mtu kuhusu tangazo na ndio waliobaki wakihesabu safari zilizopungua.

Tarehe 10 Septemba 2025 nilikuwa njiani nikitoka Salt Lake City, nikielekea nyumbani, niliposikia kwamba Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina, amepigwa risasi katika Chuo Kikuu cha Utah Valley, mjini Orem. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Sikukubaliana naye katika kila jambo, na baadhi ya aliyoyasema kuhusu watu weusi na kuhusu Waislamu yaliniuma, lakini aliuawa akiwa ameshika kipaza sauti na kumjibu mwanafunzi, kwa utaratibu wake wa kuwaita wasiokubaliana naye waje mbele ya mstari. Nilisogea pembeni, nikasimamisha lori. Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya binti yangu. Alisema, "Baba, umesikia?" Nikasema nimesikia, mwanangu. Hatukubishana. Alinieleza kwamba analia na hajui kwa nini, kwa sababu hakumpenda. Nikamwambia nami nimekaa pembeni ya barabara na sijui niseme nini. Tulibaki kwenye simu muda mrefu, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima kunisikia nikikosa la kusema.

Wiki moja baadaye hadithi ya yule mzee wa Walcott ilinirudia. Jimmy Kimmel, mchekeshaji wa televisheni, alikuwa amezungumzia mauaji yale kwa namna iliyowaudhi wahafidhina, nami nikiwemo. Tarehe 17 Septemba mwenyekiti wa Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, Brendan Carr, alitoa maneno ya kulionya shirika la televisheni la ABC, linalorusha kipindi cha Kimmel, na vituo vyenye leseni, na siku hiyohiyo kipindi kikasimamishwa. Kilirejea tarehe 23. Redioni wengi walishangilia. Mimi nilishindwa. Ile ndiyo Tume iliyofuta kanuni mwaka 1987 na kuiruhusu sauti iliyonilea barabarani, na sasa mwenyekiti wake alikuwa ameunyoosha mkono uleule kuelekea kipaza sauti cha mtu mwingine. Seneta Ted Cruz wa Texas, mhafidhina asiye na shaka, alisema kwenye podikasti yake kwamba hampendi Kimmel lakini vitisho vya namna ile kutoka serikalini ni hatari, na kwamba siku moja vitawageukia wahafidhina. Nilimtumia binti yangu kipande hicho. Akajibu kwamba hakutegemea kumsikia Cruz akisema hivyo, wala hakutegemea mimi ndiye nimtumie.

Sasa tuna mazoea mapya. Bodi ya elimu ikitoa orodha ya vitabu vinavyolalamikiwa, yeye hununua nakala moja na mimi nyingine, tunasoma kila mtu kwa wakati wake, kisha tunapigiana simu siku za Jumapili ninapokuwa nimeegesha. Mara nyingi hatukubaliani. Kitabu cha kwanza nilisema kiondolewe kwenye shule ya chini na yeye akakataa, na hoja zake mbili niliziandika pembeni kwa penseli kwa sababu sikuwa na jibu. Cha pili tulikubaliana kwamba malalamiko hayakuwa na msingi, na nililisema hilo kwa sauti yangu mbele ya bodi. Cha tatu sijakimaliza. Kimo kwenye droo ya lori, juu ya redio, na nimefika ukurasa wa 92.